Niliyoyaandika Juu ya Wake wa Pili

Jumapili, 2 Februari
Mvua imepiga bati mpaka mahubiri hayasikiki. Nikafupisha. Watu wamefurahi, najua.

Waanglikana wa Sitalike tuko wachache, Wakatoliki ndio wengi, kwa hiyo asiyekwenda mezani kupokea mkate wa Ushirika anaonekana. Leo tena Minza amebaki kwenye benchi la nyuma. Ni mke wa pili wa Masanja, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kabula, mke mkubwa, anashiriki Meza ya Bwana. Minza hashiriki. Mwaka wa kumi na moja huu.

Niliyemweka pale ni mimi. Zamani, kabla hajafika huku, nilikuwa kasisi kijana, nina moto, nikaandika kijitabu cha ndoa kwamba mke wa pili asiguse mkate mpaka aiache nyumba ya mume wake. Kilisomwa dayosisi nzima. Sasa naandika kingine cha kukipinga. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja. Kinaenda vizuri, na nikiri, nafurahia sana.

Alhamisi, 6 Februari
Nimempelekea Baba Askofu barua. Kurasa tisa. Mama Neema, mke wangu, kasoma tatu akasema inatosha, Askofu naye macho yake huchoka. Sikupunguza hata mstari.

Nakala nimeirusha kwenye grupu la makasisi. Kimya. Kisha mmoja mmoja wananiandikia pembeni kunipongeza. Kwenye grupu lenyewe hakuna aliyekohoa. Waoga.

Jumatano, 19 Februari
Majibu yamekuja. Ukurasa mmoja tu. Nusu yake ni maneno ya kijitabu changu cha zamani, yamenakiliwa neno kwa neno, na mwishoni swali: je, mwandishi huyu alikosea?

Nimekasirika mpaka nikaenda kulima. Mzee kanipiga kwa fimbo yangu mwenyewe.

Agizo: nisimpe mkate mke wa pili yeyote mpaka mkutano mkuu wa dayosisi, Sinodi ya Agosti. Sawa. Nitasubiri. Agosti nitasimama mbele ya wote na nitashinda. Hoja ninazo.

Jumatano, 5 Machi
Majivu. Kwaresima imeanza, na Minza amekuja kupakwa usoni. Majivu tunampa, mkate tunamnyima. Ukurasa wa arobaini hilo nimeliweka.

Amekonda. Anashika tumbo akiinuka.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeona aibu leo. Niiandike ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa Masanja na daftari. Nilitaka ushuhuda wa Minza kwa ajili ya kijitabu. Masanja alikuwa malishoni. Nikawakuta wake zake wawili kwenye mpunga, Minza amekaa, Kabula ndiye anayepeta. Kabula akanieleza kwamba hospitali ya Mpanda wamekuta uvimbe tumboni mwa mwenzake. Jumanne wanampasua.

Nikampa pole. Halafu, Mungu anisamehe, nikafungua daftari. Nikamuuliza anajisikiaje kutengwa miaka yote hii.

Alilitazama daftari. Kisha akasema, "Baba, mimi sikukuomba unitetee. Nilikuomba Meza."

Aliniomba lini? Mwaka juzi, anasema, mlangoni pa kanisa. Nikamwambia avumilie, kuna kitu nakiandika. Sikumbuki. Hata kidogo sikumbuki.

Akaniomba tena pale pale. Kabla ya Jumanne. Kabula akaongeza, bila kuacha kupeta, "Sisi tunakula chungu kimoja, Baba. Kwenu nyie tu ndiko tunakotenganishwa."

Nikafunga daftari. Nikasema aje kesho. Pikipiki ilizima mara mbili njiani na sikuitukana.

Jumapili, 16 Machi
Mama Neema alinishauri nimpelekee Minza mkate nyumbani kwake, kimya kimya, bila kelele. Lingekuwa jambo la busara. Nilikataa. Kwani ni kitu cha wizi?

Walikuja wawili, wakapiga magoti bega kwa bega. Nikampa Kabula. Nikampa Minza. Alipokea kwa mikono miwili.

Sijui kama nilifanya kwa ajili yake tu. Sehemu fulani yangu ilitaka waone. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Baada ya ibada Mzee Lubeni, mzee wa kanisa wetu, alinifuata sakristia nikivua joho. Akaniambia anamwandikia Askofu leo leo, hataki nisikie kwa mtu mwingine. Nikamshukuru. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ni mtu mnyoofu kuliko mimi.

Jumatano, 19 Machi
Wamempasua jana. Yuko hai. Kabula analala sakafuni chini ya kitanda chake wodini, wauguzi wanadhani ni dada yake.

Ijumaa, 28 Machi
Niliitwa makao makuu ya dayosisi. Safari ya basi kutwa nzima jana, leo saa tatu asubuhi ofisini. Nilijiandaa kwa vita. Nimepewa chai na mihogo.

Baba Askofu hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza hali ya mgonjwa kwanza. Kisha akanisogezea karatasi: nimekosea, natubu, sitarudia mpaka Sinodi iamue. Nitie sahihi, nirudi kwa watu wangu, yaishe.

Akasema, "Mtumishi, nilikuomba miezi sita tu."

Nikamjibu kwamba daktari hakuwa na miezi sita. Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, kurasa na kurasa. Yote yakaniishia. Nikairudisha karatasi bila sahihi. Tukasali pamoja. Akanisindikiza mpaka kwenye geti.

Jumamosi, 5 Aprili
Nilikwenda kwa Lubeni. Si kumlaumu. Sijui hata nilikwenda kufanya nini.

Alikuwa anashona mkeka. Aliendelea kushona. Akanikumbusha habari ambayo niliijua na nilikuwa nimejifanya kuisahau. Kabla hajawekwa kuwa mzee wa kanisa alikuwa na wake wawili. Alisoma kijitabu changu. Akamrudisha mke mdogo kwao, kijiji cha Mamba, na watoto wawili. Mwanamke hakuwa na kosa lolote. Alilia, alisema Lubeni, akafunga mizigo, akapanda lori la mpunga. Watoto sasa ni watu wazima. Hawamsalimii.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo Baba, nilimfukuza bure?"

Mimi nina majibu ya kuwapa maaskofu. Nina majibu ya Mapokeo na ya Mitume. Nikatafuta moja la kumpa Lubeni.

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Na mimi ndiye niliyekuambia ufanye."

Akaweka mkeka chini. Nilikaa mpaka jua likahama, kisha nikaaga. Akauchukua tena mkeka.

Jumatatu, 14 Aprili
Barua. Leseni yangu imeondolewa. Nisihudumu popote, nisivae kola ya ukasisi. Nyumba ya kasisi niachie mwisho wa Juni.

Inauma. Nilidhani nitajisikia shujaa. Najisikia mtu aliyefukuzwa kazi akiwa na miaka hamsini na nane. Mama Neema kalia mara moja, kisha kaanza kupanga vyombo. Funguo za kanisa nimempelekea Lubeni. Amezipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka bila kasisi. Wamesoma masomo, wameimba, wametawanyika. Ngoma za Wakatoliki zimesikika mpaka alasiri. Yote haya kwa sababu yangu. Au kwa sababu ya kijitabu.

Alhamisi, 24 Aprili
Grupu limeamka. Wengine wananitukana, wengine wananiita nabii. Mmoja anataka nimtumie kurasa zangu azichapishe. Nimezitazama kurasa sitini na mbili. Nzuri. Kila ukurasa una Minza, na hakuna hata mmoja wenye jina lake.

Sikutuma.

Jumapili, 4 Mei
Kasisi mpya ameanza. Mtu wa makamo, mpole, katoka mbali, hajui mtu. Nimekaa katikati na Mama Neema, shati jeupe, shingo wazi. Watu walinisalimia bila kujua waniiteje. Bwana mmoja kaniita mwalimu.

Saa ya Ushirika Minza aliinuka. Anatembea taratibu bado. Kabula kamshika kiwiko, wakaenda mbele, wakapiga magoti. Kasisi alimpa Kabula. Akafika kwa Minza, akasita. Labda aliona watu wanavyotazama. Akamgeukia Lubeni, aliyesimama pembeni yake na kikombe, kama kasisi mgeni anavyomgeukia mzee wa kanisa akiwa hana hakika na mtu.

Neno moja tu la Lubeni lingetosha kumzuia. Alimtazama Minza kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anamwona nani pale.

Akaitikia kwa kichwa.

Kasisi akampa mkate. Lubeni mwenyewe akamnywesha kikombe, na mkono wake mwingine alikuwa anafuta machozi.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema. Maneno yalijaa kinywani, na yalikuwa mazuri. Mama Neema aliniwekea mkono gotini. Nikakaa kimya mpaka safu yetu ilipofikiwa, kisha nikaenda nikapiga magoti na wengine.