Duara Jeusi Kwenye Picha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu lile pazia la studio likuangukie? Na Mama, bado ananicheka kwa kuacha maharusi nikafuata ndege? Mimi mzima, ila mbu wamenila mpaka masikio.

Kazi ilikuwa bado ya majaribio. Bosi wangu, mama mmoja mtaalamu wa ndege asiyetabasamu kabla ya saa nne, alinipa siku tano: nimletee picha ya korongo na kifaranga wake kiotani, macho ya wote wawili yaonekane vizuri, la sivyo nifungashe virago. Kamera tunaifunga nyuma ya darubini kubwa yenye stendi, maana ukisogea karibu mama mtu anaruka.

Nikajisemea, hii nayo kazi? Si wewe uliyenifundisha kwamba ukoo ukisimama safu tatu, unabana tundu la lenzi, na kila mtu anatoka safi kuanzia babu mpaka mtoto wa mgongoni? Nikabana. Korongo akatoka safi hadi unyoya. Kifaranga nyuma yake akawa pamba. Nikabana zaidi. Pamba ikabaki pamba, na sasa duara jeusi likaizunguka picha nzima, kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Siku tatu hizo, Baba, nabishana na kioo.

Siku ya nne bosi akaja. Nikamwambia kifua mbele kwamba baba yangu ana miaka thelathini kwenye fani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba hapa tundu linalotawala ni kioo cha mbele cha darubini, nacho hakibanwi. Ukibana la kamera unakata kingo tu. Tena ukikuza sana, sehemu inayotoka safi, kutoka mbele kwenda nyuma, inakuwa nyembamba mno. Akasema, "Punguza kukuza, halafu subiri wasimame ubavu kwa ubavu." Wewe, Baba, umewahi kumpanga korongo?

Siku ya tano nilisubiri tangu asubuhi, nimebanwa haja, sithubutu kuondoka. Saa tisa kifaranga akajivuta hadi ubavuni mwa mama yake. Nikabonyeza. Jicho la mama safi, la mtoto safi. Bosi akaitazama, akatia saini mkataba wangu. Nimeajiriwa, Baba.

Sasa lililonifanya niandike. Ile picha yenye duara niliyokutumia, nikasema ndio mtindo mpya wa wataalamu, nilikudanganya. Niliona haya kukuambia kanuni yako imenishinda. Jana Dada kaniandikia kwamba umekata kadibodi yenye tundu la duara, umeibandika mbele ya lenzi, na harusi ya Jumamosi yote umeipiga hivyo. Mama mzazi wa bibi harusi, aliyesimama pembeni, katoka bega tu, na alipokuja kulalamika ukamwambia mwanao mtaalamu ndivyo afanyavyo.

Baba, bandua kadibodi. Kwa binadamu kanuni yako haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, nisamehe. Msalimie Mama na Dada, na huyo mama wa bibi harusi umwambie namwomba radhi, ila bega lake nimesikia limetoka safi kabisa.

Mwanao,
Kitindamimba