Mama alivyokwama katikati ya wimbo wa Lakshmi

Shoga, tuko hospitali na mama.

Jioni hii kwenye sala ya sikukuu ya Diwali alikuwa anatuongoza wimbo wa kumsifu mungu wetu Lakshmi, kashika sinia la taa. Akarudia mstari mmoja mara tatu, mara nne. Na sisi tunaitikia! Tunapiga makofi! Tulidhani amezama kwenye sala.

Wifi yangu, yule nesi, ndiye aliyeona sinia linainama. "Mama, hebu tabasamu." Mdomo ukaenda upande mmoja. "Kiharusi hiki! Washeni gari!"

Shoga, mama anapooza na sisi TUNAITIKIA!

Daktari kasema tumemuwahi. Kuongea bado. Ila nimemwambia, "Mama, nibane kidole," akanibana mpaka pete ikaniumiza. Nimelia kama mtoto.