Upepo wa Kulalia

Mwankoko, Singida
9 Juni

Ndugu yangu Damiani,

Salaam nyingi kwako, kwa mama Jenipher na watoto wote hapo Itigi. Hamjambo? Nasikia asali mwaka huu mmevuna vizuri, nami nimefurahi kwa dhati. Sisi huku ni wazima, ila mimi ni mzima wa kulala na mashine. Najua unashangaa kuletewa karatasi zama hizi za simu. Kwenye simu ningezungukazunguka mpaka salio liishe.

Unakumbuka mlivyokuwa mkinicheka gereji kwa kukoroma kwangu? Raheli mke wangu aligundua kwamba katikati ya kukoroma nanyamaza kabisa, pumzi inakatika, kisha nashtuka nikihema. Alivumilia miaka, mwishowe akanipeleka Dodoma kwa nguvu. Daktari wa huko, Dokta Asnath, alinipa kifaa cha kuvaa kifuani na kidoleni usiku kucha. Kilipomaliza kazi akaniambia pumzi yangu hukatika mara arobaini na moja kwa saa. Nilimwuliza nani alikaa akahesabu. Alicheka, akanieleza kwamba koo langu hulegea na kujifunga ninapolala, ubongo unaniamsha nivute hewa, na mimi sijui lolote.

Ndipo nikapata mashine hii kupitia jamaa wa kanisani. Ingekuwa mikononi mwako ungeshaifungua. Ni ndogo kama mkate wa boflo. Inavuta hewa, inaichuja, inaisukuma kwenye mpira hadi kwenye barakoa ya puani, na upepo huo ndio unaozuia koo lisifunge. Nilikaa mbele yake siku nzima nikiminya vitufe kama mtoto.

Sasa sikia ujinga wangu. Mikanda ya barakoa niliikaza kama ninavyokaza kamba za turubai juu ya magunia. Upepo ukawa unavuja pembeni, unanipiga machoni, nami nikazidi kukaza mpaka pua ikachubuka. Kisha nikawaza kidereva: tairi ikiwa na mzigo mzito unaongeza upepo, na mimi mwili wangu unaujua. Nikapandisha namba ya upepo mwenyewe mpaka kumi na tano. Niliamka tumbo limejaa kama ngoma, nikacheua asubuhi nzima, Raheli akakataa kukaa nami meza moja.

Niliporudi Dodoma, Dokta Asnath alichomoa kadi ndogo ubavuni mwa mashine akasoma kila kitu, hata usiku niliovua barakoa saa nane. Hakunigombeza sana. Alinilaza kitandani, akawasha mashine, akalegeza mikanda hadi vidole viwili vikapita. Kumbe barakoa inataka nafasi kidogo ijikalie usoni yenyewe! Akairudisha namba chini, akaipangia ianzie saba na isivuke kumi na mbili, na ianze pole pole kwa dakika ishirini mpaka usingizi unichukue. Akanikataza kugusa namba bila kumwuliza. Wiki tatu baadaye kadi ilionyesha mara tatu tu kwa saa. Tatu, Damiani! Naamka nikisikia kuku, kichwa chepesi, naweza kusoma gazeti hadi mwisho bila kusinzia.

Lakini kuna swali aliniuliza siku ya kwanza, nikalijibu uongo. Aliuliza kama nimewahi kusinzia nikiendesha. Nilisema sijawahi. Raheli akatazama dirishani.

Tangu kichwa kikae sawa nimekosa mahali pa kujificha. Miaka sita nimewaambia watu kwamba siku ile nikishuka mlima wa Sekenke na vitunguu vya bosi wetu Mzee Gerald, breki zilikataa. Wewe ndiye uliyezifunga jana yake jioni. Mzee Gerald akakufukuza, madereva wakaacha kukuletea magari, ukauza spana zako ukahamia huko. Damiani, breki zile zilikuwa nzima. Nakumbuka kona ya juu, kisha nakumbuka lori likiwa tayari limetoka barabarani. Mguu wangu haukuwa hata juu ya breki. Nililala. Wakati ule sikujua kama ni ugonjwa, niliona aibu ya kuitwa dereva msinziaji, na jina lako lilikuwa karibu kuliko langu.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Gerald nikamwambia yote. Akauliza unaishi wapi. Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, nitasimama kanisani niseme mbele ya watu walewale. Ugonjwa nitautaja, lakini uongo haukuwa ugonjwa. Nilitaka wewe ujue kabla yao.

Raheli anakusalimu sana wewe na mama Jenipher, na Editha wetu anawasalimu watoto. Kazi ya lori nimeisimamisha mpaka daktari aniruhusu.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni lile la wodini, nilipolazwa baada ya ajali ile. Ulikuja na chupa ya uji, ukapiga magoti kando ya kitanda changu ukaniomba msamaha, ukilia. Na mimi nikakushika kichwa, nikakusamehe.

Ndimi mkosaji wako,
Laurenti