Itifaki Kwanza, Vitabu Baadaye

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Imekuwa rasmi! Baada ya ibada imetangazwa kwamba maktaba ya jamii, inayopendekezwa kufunguliwa chini ya ghorofa letu hapa mtaa wa Dixon, ughaibuni, itakuwa na bodi ya watu watano. Viti vinne vimepita bila kupingwa. Cha tano tunakigombea mimi na Bwana Percy. Yeye anataka kompyuta tupu, ukuta hadi ukuta. Mimi nataka angalau rafu moja ya Kiswahili, ili wajukuu wetu waache kutujibu kwa Kiingereza kana kwamba sisi ni wageni wao. Jumamosi kila mgombea atahutubia kwa dakika mbili. Mbili! Mimi, niliyesherehesha nusu ya harusi za mji huu!

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi jikoni. Mume wangu, Kiptoo, alishika simu kupima muda. Ikalia nikiwa kwenye "wawakilishi wa akina mama". Chai ikamtoka puani. "Mama Crispus, hujagusa hata kitabu kimoja!" Nikamweleza kwa utulivu kwamba mtu hasimami mbele za watu bila kuzingatia itifaki. Akasema basi niseme "itifaki imezingatiwa" niendelee. Hivyo husema waliochelewa kufika, Baba Crispus.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepunguza. Wageni waalikwa nimewasalimu kwa jumla — imeniuma, lakini nimefanya. Kisha nikakutana kwenye lifti na Onyango, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Akauliza, kama mzaha, "Mwalimu, Jumamosi na sisi tutatajwa?" Huyo kila mmoja wetu atamhitaji siku moja. Nimemrudisha kwenye orodha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye korido, nje ya ukumbi. Percy alisimama, akasema: habari zenu, kompyuta kumi, intaneti bure, asanteni. Akaketi. Hakumtambua hata mwenyekiti wa kikao! Kisha mimi. Nilianza vyema — sauti imetulia, wazee wanaitikia kwa vichwa. Kengele ikalia nikisema "na kwa namna ya pekee kabisa..." Neno vitabu halikuwahi kutoka. Makofi, hata hivyo, yalikuwa mazito.

Kura — sare! Kiptoo ana maelezo yake: niliowataja wamenichagua, nisiowafikia wamempa Percy. Yule wa "namna ya pekee", ambaye kengele ilimkatia jina, alikuwa Onyango. Amekunja mikono, anatazama dirisha.

Mwenyekiti ameamua: dakika moja moja zaidi, kisha kura irudiwe. Percy yumo ndani sasa. Nasikia kicheko. Anawaambia kwamba Mwalimu akimaliza kuwasalimu, maktaba itakuwa imeshafungwa. Sawa. Nimemwapia Baba Crispus: neno la kwanza litakuwa vitabu. Nimeliandika kiganjani kwa herufi kubwa. "Hata malaika akiingia," amesema, "usimsalimu!"

Lifti imefunguka. Baba Askofu! Na joho lake, amelowa mvua. Amenishika mkono: amesikia nagombea, amekatiza safari ya Richmond Hill aje anisikilize mwenyewe. Nyuma yake Kiptoo ananitikisia kichwa, hapana, hapana, hapana.

Naitwa.

Juu ya VITABU, kiganjani, pamebaki nafasi ya jina moja. Labda mawili — maana Mama Askofu ndiye huyo anatoka kwenye lifti.