Mtoto Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya nane ya ndoa. Bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu. Asubuhi, kabla hajaenda kutengeneza friji za watu, amenifunga vifungo vya mgongoni. Akakosea kimoja. Nimetembea hivyo hivyo hadi kazini, kwa makusudi, ili kila atakayeniuliza nimjibu: amenifunga mume wangu.

Kisha nikarudi nyumbani. Mtoto.

Ana miaka saba. Ni wa mume wangu na marehemu mke wake. Tangu akiwa na minne amelelewa na bibi yake mzaa mama. Tumeomba aje akae nasi moja kwa moja. Bibi hakukataa, hakukubali. Alisema mtoto akae kwetu likizo, na Jumamosi ya tarehe tisa atakuja kumuuliza mwenyewe. Atakalosema ndilo. Zimebaki siku tano.

Mume wangu anamwita Chiriku, eti kwa bibi yake hanyamazi. Chiriku gani? Kwangu ni "Asante, anti." "Samahani, anti." "Naomba kupita, anti." Leo nimemwaga chai kwenye daftari lake la kuchorea, na yeye ndiye aliyeomba msamaha. Nilitamani kung'ata kikombe.

Nimemwachia rafu mbili kabatini. Nimezitandika karatasi ya maua. Tupu! Kila asubuhi anatoa nguo kwenye begi, kila jioni anazikunja na kuzirudisha humo humo.

Jumanne, 5 Agosti

Mume wangu anasema nipunguze presha. Mtoto ana adabu, watu wanalilia watoto wa namna hii. Nimemwambia hiyo ni adabu ya mtu aliyekaa kwenye benchi anasubiri kuitwa na daktari. Akacheka, akanibusu hapa kwenye paji la uso, nikasahau nilikuwa nimekasirikia nini. Hilo nalo ni tatizo.

Nimeamua kumshonea gauni. Ndiyo kazi ninayoijua. Karakanani nimemaliza kola arobaini za sare za shule, nikabaki na saa nzima ya kukata kitambaa changu. Cha buluu, chenye vidoti. Jana jioni nilimpima. Alisimama mikono juu, kimya, kama anapekuliwa na polisi. Nilipomaliza kila kipimo: "Asante, anti." Bega, asante. Kiuno, asante.

Mama yangu hakuwahi kutumia utepe. Alinipima kwa shibiri, bega hadi goti, halafu anaongeza vidole vinne. "Vya kukulia." Basi mwaka mzima naonekana kama nimeazima nguo kwa dada nisiye naye, na mwaka unaofuata gauni linapokaa vizuri, limeshapauka. Shuleni waliniita Pazia. Niliapa wa kwangu atavaa kipimo chake kamili.

Jumatano, 6 Agosti

Overloki, mashine ya kumalizia kingo, imekata uzi mara sita. Gauni halijaisha.

Mtoto hapendi vitunguu. Hakusema. Nimemwona anavimeza macho ameyafumba, kama vidonge, halafu anashukuru kwa chakula kizuri.

Mimi nikiwa kidato cha pili nilimwambia mama mbele ya wageni kwamba natamani ningekuwa na mama mwingine. Wala hakugeuka, alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Haya. Ukimpata, umwambie huli vitunguu." Wageni wakacheka, nikatoka nikabamiza mlango. Jioni chakula changu kilikuwa kimepikwa pembeni, hakina hata kipande.

Miaka mitano tangu afariki. Mume wangu hakuwahi kumwona. Angempenda, halafu angemuudhi kabla ya chai kupoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Gauni limeisha. Nimelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Amelivaa, na limemkaa! Kama limemwagwa juu yake. Baba yake alipiga mluzi. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Yeye akainama, akafunua pindo, akaligusa kwa kidole.

"Halina pindo kubwa."

"Ndiyo, mpenzi. Limekaa sawasawa."

Akafikiri. "Asante, anti. Ni zuri." Akalivua, akalikunja vizuri sana, akalitia kwenye begi. Chini kabisa.

Nimeosha vyombo kwa kelele zote ninazozijua. Mume wangu akaja kunisaidia kufuta, nikamwambia aondoke, akaondoka, nikakasirika kwa nini ameondoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemsimulia Mama Mkasi, fundi aliyenitangulia kazini miaka ishirini. Nilidhani atanionea huruma. Ameuliza jambo moja tu: pindo umeacha kiasi gani?

Kidole kimoja.

"Kimoja? Mwanangu, huyo mwezi wa kumi limeshampanda mapajani."

Nikasema nitamshonea jingine.

"Yeye nani kamwambia?"

Nimekaa na mguu juu ya pedali bila kukanyaga. Kalelewa na bibi anayeshona kwa mkono, kila nguo kwenye lile begi ina pindo la kuteremshwa mwakani. Nami nimemletea gauni la wiki hii. Gauni la mgeni. Mtoto kalisoma kama barua.

Na wewe, mama. Vidole vinne kila mwaka, miaka kumi na tano, na neno "nakutaka" sikulisikia hata siku moja. Si ungesema tu? Mdomo ulikuwa nao, tena ulikuwa haufungi.

Kitambaa cha buluu kimekwisha dukani. Jioni nilijaribu kumweleza. Nilianza, "Lile gauni, unajua, mimi sikumaanisha..." Akasema, "Asante, anti," kabla sijafika popote.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimekata tamaa.

Jumamosi, 9 Agosti, saa tano asubuhi

Naandika huku nimekaa sakafuni mbele ya mlango wa bafu. Niandike upesi.

Bibi alifika saa tatu na mtandio wake na mfuko wa machungwa. Akanywa chai. Akamuuliza mbele yetu: unabaki hapa au tunakwenda? Mtoto akatazama kila mmoja wetu kwa zamu. "Nitafanya mnavyopenda." Bibi akauliza tena. "Mnavyopenda, bibi." Mume wangu akawa anatazama viatu vyake. Bibi akasema basi, twende, asiyejua anapotaka kukaa hulala anapopajua. Akasimama.

Nje manyunyu. Nikamletea mtoto sweta, ile ile niliyomnunulia siku alipokuja. Nikasikia sauti ya mama inatoka kinywani mwangu, yenyewe, na ukali wake wote: "Vaa sweta."

"Hapana, asante."

"Nimesema vaa."

"Sitaki!"

Bibi akageuka. Nilipaswa kunyamaza. Wapi. "Wiki tatu umeivaa hukusema neno!"

"Inawasha! Inawasha tangu siku ya kwanza! Na wewe unapiga vyombo kelele, na unaniamsha mapema, na ni likizo!" Akaitupa chini, akakimbilia bafuni, akatia komeo.

Mume wangu akainuka na bisibisi. Mimi nikataka ardhi inimeze. Nimeharibu, mbele ya bibi yake, dakika ya mwisho.

Bibi akamwambia keti. Akavua mtandio, akaukunja, akauweka kwenye kiti. "Bafu la kwangu halina komeo. Nililing'oa mwenyewe, mwaka juzi, alipozidi kujifungia humo kila akinuna. Mwanangu, chai imebaki?"

Imebaki. Nimemmiminia. Nimekuja hapa.

Nimebisha hodi. "Nenda zako!" Hakusema anti.

Nimesema siendi. Tumekaa hivyo, mimi huku, yeye kule, nadhani naye kaegemea mlango. Baadaye akauliza kama bibi amekasirika. Nikamwambia bibi anakunywa chai, aliyekasirika ni mimi.

"Najua," akasema. "Nasikia unavyopumua."

Hajafungua bado.