Mahali pa Kumkuta Baba

Mwembesongo,
Morogoro.
20 Agosti 2025

Mpendwa kaka Salehe,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Muscat, na joto lao? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la mama limepoa, na Nasra kajifungua binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu tungeishia kugombana.

Kwanza masomo. Muhula huu tunatafuta elektroni ndani ya atomi ya haidrojeni. Usicheke! Huwezi kusema ipo hapa. Unakokotoa tu uwezekano wa kuikuta. Nilikuwa nakosa kila mara. Niliona uwezekano umesongamana zaidi kwenye kiini, nikaandika kwamba ndiko inakokutwa zaidi. Dokta Simon akaniambia, "Hafidha, umesahau kuzidisha na nafasi." Kweli bwana. Pale katikati pamesongamana, lakini ni padogo mno. Ukisogea nje msongamano unapungua, ila nafasi inatanuka. Ukizidisha hivyo viwili, kilele kinaangukia mbali kidogo na kiini.

Sasa wewe. Mama kaniambia umesusa kupiga simu, eti kila ukimpigia yeye unaambiwa baba katoka, kwa hiyo baba hataki kusikia sauti yako. Roho iliniuma, kaka. Likizo ilipofika nikaenda Mlali kumtafuta huyo baba yako asiyetulia.

Kila mtu alisema hatoki mbali na mlango wake. Nikawauliza majirani wamemwona wapi na wapi, nikatia nukta kwenye karatasi, nyumba ikiwa katikati, halafu nikachora duara nje ya duara. Mlangoni nukta zilibanana kweli. Lakini nilipohesabu nukta za kila duara, nyingi zilikuwa kwenye lile linalopita kule juu, penye jiwe la shamba la migomba. Mama akanicheka, "Haya, kamkokotoe."

Alasiri nikapanda. Nikamkuta juu ya jiwe, kile kisimu cha kitochi ulichomwachia kiko mkononi, amekifunga nailoni kisilowe ukungu. Laini yake haishiki mtandao nyumbani, inashika pale tu. Nikamuuliza anafanya nini. "Napunga upepo," akasema. Upepo gani, na baridi ile! Baadaye akaniuliza kama saa hizi watu wa Muscat wameshatoka kazini.

Kumbe ukimpigia mama, baba yuko juu anakusubiri wewe! Nililia njia nzima kushuka, halafu nikafurahi, maana jambo hili lina dawa.

Siwezi kukuahidi utampata kila siku, hesabu zangu haziahidi. Lakini baada ya swala ya alasiri uwezekano ni mkubwa kuliko wa mimi kufaulu mtihani wa Dokta Simon.

Nasra na shemeji Halidi wanakusalimu sana. Mama anakuombea kila swala. Mola akutunze ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Hafidha

Tena, kaka: usipige kwa mama. Piga namba ya baba ile ile ya zamani, hajaibadilisha.