Breki za Basi la Watoto

Buyenzi, Jumatano

Kaka Ilias,

Assalaam aleikum. Sisi ni wazima, na Soumaya wangu ameota meno mawili.

Jana Baba alikuwa anatoa hewa kwenye breki za basi dogo linaloshusha watoto wa shule kutoka mlimani Kiriri. Mimi nilikanyaga pedali, yeye akafungua skrubu za kutolea hewa kwenye magurudumu. Nilichungulia mlangoni: nyuma hayakutoka mafuta hata tone.

"Imetoka, achia," akasema.

"Baba, haijatoka."

"Apana, Fadhila. Mi naona."

Haoni, kaka. Tangu Ramadhani ananificha kwamba macho yake yamefifia.

Alipokwenda kuswali alasiri, nilifungua valvu inayogawa mafuta ya breki. Ilikuwa imekwama kwa kutu. Baba alirudi akanikuta ninaisafisha. Nilidhani atanigombeza, lakini alingoja niirudishe, akapanda, akakanyaga pedali yeye mwenyewe. Mimi nikafungua skrubu ya nyuma.

"Imetoka?" akaniuliza.

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo maisha yake yote. Nilimjibu ndiyo, nikalia chini ya gari.

Leo asubuhi amepokea gari jingine, na skrubu anazitafuta kwa kupapasa. Njoo wiki hii. Mimi siwezi kumnyang'anya Baba spana.

Dada yako,
Fadhila